Kansa ya umio: kwa nini Moshi wanakuuliza chai yako ina moto kiasi gani

Mgonjwa amefika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, akitokea Rombo au Same, wiki kadhaa sasa anaishi kwa maji na uji mwepesi. Kabla hajatoka kliniki, mtafiti anamvuta pembeni na kumuuliza maswali. Chai unakunywa mara ngapi kwa siku? Unaisubiri ipoe au unaianza pale pale? Maziwa yanachemshwa pamoja na majani au yanaongezwa kikombeni? Ulipokuwa mdogo, nyumbani mlipikia ndani mnamolala? Meno mangapi yameng'oka? Ndugu waliomleta wanatazamana. Wamechangishana nauli na gharama za vipimo, na wanachotaka kujua ni kimoja: baba atapona?

Maswali yale yana maana kubwa, na ndugu wale nao wana haki ya kushangaa. Hospitali ya rufaa inayofundisha hufanya kazi mbili juu ya kitanda kimoja. Inamtibu mgonjwa, na inajifunza kutoka kwake. Kazi hizo husaidiana sana, lakini si kazi moja, na mgonjwa mara nyingi haelezwi zinapoachana. Kansa ya umio ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine yoyote ya ukanda wetu.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, ina vitanda zaidi ya 600, na ndani ya uzio huo huo kuna chuo kikuu cha tiba na taasisi ya utafiti, KCRI. Asubuhi wakati wa raundi, kitanda kimoja huzungukwa na daktari bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, waliomaliza shahada wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wenye madaftari. Ndiyo sababu tumbo moja linaweza kupapaswa na mikono minne kabla ya saa tatu. Mgonjwa akiona hivyo hudhani hali yake imewashinda, kumbe ndivyo madaktari wa kesho wanavyofundishwa.

Umio ni mrija wa misuli, urefu wake kama sentimita 25, unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni ukipita nyuma ya moyo. Wengi huiita saratani yake kansa ya koo, na huichanganya na ile ya kisanduku cha sauti, ambayo ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine. Ubaya wa hii ya umio ni ukimya wake. Mrija ule hutanuka, kwa hiyo uvimbe huweza kuziba sehemu kubwa ya njia kabla mwenyewe hajahisi kitu. Kwanza hukwama nyama na ugali. Mtu anateremshia maji, anasema nilikula kwa haraka. Baadaye anahamia kwenye mtori na ndizi zilizopondwa. Kisha uji, tena mwepesi. Mwisho hata mate yanarudi. Safari hiyo yote huweza kuchukua miezi michache tu, na miezi hiyo huliwa na dawa za vidonda vya tumbo zilizonunuliwa duka la dawa, na safari za kwa mganga, na mabishano ya kifamilia kuhusu nani kamlisha kitu. Zaidi ya hapo, umio hauna lile gamba la nje linalofunika utumbo, hivyo uvimbe ukishapenya ukuta haukutani na kizuizi kikubwa. Unaingia kwenye tezi na kwenye njia ya hewa.

Kwa hiyo mtu yeyote ambaye chakula kigumu kimeanza kumkwama, na hali hiyo imerudi wiki ya pili, anahitaji kamera. Asisubiri hadi uji ushindikane. Kamera ni mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni ukiwa na taa na jicho mbele yake. Daktari akiona uvimbe anakata kinyama kidogo, mara nyingi vipande kadhaa vidogo kuliko punje ya mchele, na kuviweka kwenye kichupa cha fomalini. Maabara inavigandisha katika nta, inavikata vipande vyembamba mno, inavipaka rangi, na mtaalamu wa patholojia anavisoma kwa darubini. Bila jibu la kinyama hakuna anayepaswa kuanza tiba ya saratani, hata kama picha inaonekana wazi. Nasisitiza hili kwa sababu watu huona kusubiri majibu ya kinyama kama kucheleweshwa, wakati ndiyo hatua inayoamua kila kitakachofuata.

Sasa turudi kwenye kikombe cha chai. Tangu katikati ya karne iliyopita madaktari waligundua kwamba kansa hii haikusambaa sawasawa barani. Inafuata ukanda wa mashariki, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Eastern Cape huko Afrika Kusini. Afrika Magharibi ni nadra. Ulaya na Marekani, aina hii ya saratani ya umio huelezwa kwa sehemu kubwa na sigara na pombe. Kwetu maelezo hayo hayatoshi. Wanaugua wanawake ambao hawajawahi kushika sigara wala kuonja pombe, na magharibi mwa Kenya madaktari wamewaona hata vijana wa chini ya miaka 30. Kitu fulani katika maisha ya ukanda huu kinafanya kazi, na kitu hicho hakikutambuliwa kwa kuwatazama Wazungu.

Afrika Mashariki imewahi kufumbua fumbo la namna hii. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari na kuelekea kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine wakiuliza kama uvimbe huo unaonekana pale. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, kama ramani ya malaria. Mwaka 1964 watafiti huko London, Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Na jambo linalonigusa zaidi katika historia hiyo ni kwamba watoto wenyewe walinufaika: dawa ya saiklofosfamaidi iliyeyusha uvimbe ule kwa wengi wao, na ukawa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuonyesha kwamba dawa peke yake zinaweza kuponya. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa pale pale Mulago. Swali lililoulizwa wodini lilirudi wodini likiwa tiba.

Kwa umio hatujafika huko. Ndiyo maana maswali yanaendelea.

Dhana ya chai ya moto ni ya zamani, ila moto wenyewe ni kitu ambacho kila mtu anaupima kwa ulimi wake. Mwaka 2014 watafiti wa Kilimanjaro, wakishirikiana na IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliacha kuuliza na kuchukua kipimajoto. Watu wazima 188 mkoani Kilimanjaro walikunywa chai yao kama walivyozoea, na joto likapimwa pale walipoanza kunywa. Wastani ulikuwa nyuzi joto 70.6. Miaka miwili baada ya kipimo hicho, IARC ilitangaza kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Maana yake ni kwamba unywaji wa kawaida kabisa wa Uchagani ulikuwa juu ya mstari huo. Na kulikuwa na jambo dogo ambalo mimi naliona ndilo tamu zaidi katika utafiti mzima: wanywaji wa chai ya maziwa waliianza ikiwa na moto zaidi, kwa takribani nyuzi 2, hasa kwa sababu chai ya rangi ilipoa kwa kasi mara mbili ya ile ya maziwa.

Kiini cha madhara kinaeleweka. Ngozi laini ya ndani ya umio ikiungua kila siku, seli zake hulazimika kuzaliana upya kila siku ili kuziba jeraha. Kila seli inapojigawa hunakili vinasaba vyake vyote, na kila unakili una nafasi ya kosa. Halafu ukuta uliojeruhiwa hupitisha kwa urahisi kemikali nyingine mbaya, za moshi, tumbaku au pombe, ambazo ukuta mzima ungezizuia. Kwa hiyo hoja inahusu joto. Majani ya chai hayana kesi hapa, na uji wa moto sana unaingia katika kundi hilo hilo.

Lakini kupima kikombe hakuthibitishi kwamba kikombe kinaleta ugonjwa. Hapo ndipo hospitali inapohitajika, na ndipo yule mtafiti wa kliniki anapoingia. Utafiti unaoitwa ESCCAPE uliendeshwa katika hospitali za Eldoret nchini Kenya, Moshi, na Blantyre nchini Malawi. Mbinu yake ni ya kulinganisha: upande mmoja wagonjwa wa saratani ya umio, upande wa pili watu wasio nayo, wa umri na jinsia zinazofanana. Wote wanaulizwa maswali yale yale. Kama chai ya moto sana haina uhusiano na ugonjwa, pande zote mbili zinapaswa kuwa na wanywaji wake kwa kiwango sawa.

Mbinu hii ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Mtego wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Mtu asiyeweza kumeza ameshaacha kunywa cha moto, kwa hiyo ukimuuliza anakunywaje chai atakujibu vuguvugu, na utaandika kwamba wagonjwa ni watu wa chai ya vuguvugu. Ndiyo sababu mtafiti hung'ang'ania kuuliza ya zamani, kabla chakula hakijaanza kukwama. Mtego mwingine ni moyo wa binadamu. Aliyepatwa na msiba hutafuta chanzo chake, na kama amesikia redioni habari za chai atakumbuka kila kikombe kilichowahi kumuunguza, wakati mwenye afya njema hakumbuki hata kimoja. Kisha kuna tabia zinazotembea pamoja. Mtu wa chai ya moto sana huenda pia anavuta sigara au anakunywa chang'aa, na watafiti hulazimika kuzitenganisha kwa hesabu. Na kuna wale wasiofika hospitali kabisa, waliofia kijijini bila kamera wala jibu la kinyama. Hao hawamo katika karatasi yoyote, na pengine maisha yao yalitofautiana na ya waliopata nauli.

Pamoja na mitego hiyo, majibu ya Eldoret yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliozoea vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa mara kadhaa. Ushahidi mwingine ulitoka Golestan, kaskazini mwa Iran, nako kansa hii ni tele. Huko walichukua njia ndefu: watu 50,045 wenye afya walipimwa joto la chai yao na kufuatiliwa kwa takribani miaka 10 ili ionekane nani ataugua. Hapo mtego wa kumbukumbu haupo, kwa maana chai ilipimwa kabla ya ugonjwa. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa na nyuzi joto 60 na kuendelea, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 90 ile ya waliokunywa kidogo ikiwa imepoa zaidi.

Hapa ndipo mzee mmoja kijiweni husema: babu yangu alikunywa chai ya kutoka mekoni hadi akafa na miaka 90. Anasema kweli, na ukweli wake haupingani na utafiti. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kati ya watu 1,000 wanaosubiri chai ipoe wataugua 10 katika maisha yao. Hatari ikizidi kwa asilimia 90, kati ya 1,000 wasiosubiri wataugua 19. Waliobaki 981 hawataugua, na babu huyo ni mmoja wao. Lakini ukichukua mkoa mzima, wale 9 wa ziada katika kila elfu ni wodi iliyojaa. Hatari ya kundi haimtabirii mtu mmoja, na habari nyingi za afya hupotosha hapo, ama kwa kumtisha kila mnywaji au kwa kumcheka mtafiti.

Chai haiko peke yake kizimbani. Kenya, ESCCAPE ilikuta uhusiano na pombe za kienyeji, na meno pia: waliopoteza meno mengi na wenye meno ya kahawia yaliyoharibiwa na madini ya floraidi walionekana zaidi upande wa wagonjwa. Maji yenye floraidi nyingi ni tatizo la muda mrefu katika Bonde la Ufa na katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro. Kama floraidi yenyewe inadhuru umio, au ni alama tu ya mahali mtu alikokulia, ni swali linalohitaji kazi zaidi. Moshi wa kuni jikoni nao unachunguzwa.

Na tiba? Upasuaji wa kuondoa umio ni mkubwa, kifua na tumbo hufunguliwa, na unawafaa wachache waliowahi. Mionzi pamoja na dripu za kemo huweza kudhibiti ugonjwa kwa waliochelewa kiasi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Moshi aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kukaa huko wiki kadhaa mbali na kwake. IARC ilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, kwa hiyo foleni hiyo haikuwa ya watu wa umio tu.

Wengi wanaofika kwa kuchelewa husaidiwa na kitu kidogo zaidi: stenti. Ni kijibomba cha nyaya laini kinachopitishwa kikiwa kimekunjwa, kikifika penye uvimbe kinaachiwa na kujitanua chenyewe. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imewawekea mamia ya wagonjwa, na madaktari wake walionyesha kwamba inaweza kuwekwa kwa kamera peke yake, bila ile mashine ya eksirei ya moja kwa moja ambayo hospitali nyingi hazina. Kifua huuma kwa siku kadhaa, kisha aliyekuwa anatema mate anakunywa supu na kula wali laini, akiwa ameketi wima na kuteremshia maji. Stenti haipunguzi saratani hata kidogo. Inamrudisha mtu kwenye meza na familia yake. Ikienda pamoja na mofini ya maji na watu wa tiba shufaa wanaojua kupanga maumivu, miezi iliyobaki inakuwa na hadhi. Nachukizwa nikisikia ndugu wameambiwa hakuna la kufanya, wakati hilo lipo.

Mahali ambapo utafiti na tiba vinaweza kukutana kwa kansa hii ni kuikamata kabla haijakua. Tenwek walifanya jambo la kuvutia: waliwaalika watu 305 wa vijijini wasio na dalili yoyote, wakawapitishia kamera na kunyunyiza umio kwa maji ya iodini. Ukuta wenye afya una akiba ya sukari, hivyo iodini huugeuza kahawia. Penye seli zilizoanza kuharibika akiba hiyo imekwisha, na doa hubaki limepauka. Kwa takribani 14 kati ya kila 100, kinyama kilichokatwa kilionyesha seli zilizokwisha kuanza kubadilika, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016. Madoa ya hatua ya juu huweza kuondolewa kwa kamera hiyo hiyo kabla hayajawa saratani. Kinachokwamisha ni idadi ya kamera na ya wataalamu, kwa kuwa huwezi kupitisha mpira kwenye koo la kila mtu mzima wa Kilimanjaro.

Tumrudie yule mgonjwa na fomu ya ridhaa aliyopewa. Kujibu maswali ya chai hakutamponya, na mtafiti mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Fomu inapaswa kuwa kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, na kusema wazi kwamba akikataa, matibabu yake hayapungui hata chembe. Utafiti lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili, na ule wa kitaifa au wenye washirika wa nje hupita pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Vipimo vya utafiti hulipwa na utafiti, mgonjwa hapaswi kuviona kwenye bili yake. Ana haki ya kuuliza: kinyama hiki cha ziada na chupa hii ya damu ni kwa ajili ya majibu yangu, au kwa ajili yenu? Vitakaa wapi? Vitapelekwa nje ya nchi? Kusafirisha sampuli nje kunahitaji kibali na mkataba wa maandishi, kwa hiyo jibu la swali hilo linajulikana mapema na linapaswa kutolewa. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na kuomba sampuli yake ambayo haijatumika iharibiwe.

Na kuna deni la upande wa pili. Watu 188 wa Kilimanjaro waliopimiwa vikombe vyao walichangia maarifa yanayosomwa dunia nzima, lakini kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hawatayaona. Kurudisha majibu kwao si kazi ngumu: yanaenea kwenye tangazo moja la redio, au dakika mbili baada ya ibada, au mbele ya akina mama wanaosubiri kliniki ya watoto. Chai ikishamiminwa kutoka kwenye chupa, iache mezani dakika kama tano, na ya maziwa izidishie muda.